Mstari Usio wa Babu

Jumamosi, Gumbo

Nimemwambia Babu. Mashairi ya Babu ya maisha yake yote nimemaliza kuyachapa yawe kitabu kimoja, ila ukurasa mmoja mchwa walikula mstari wa mwisho. Badala ya kumuuliza nikatunga wangu, nikanyamaza. Mimi, ambaye shuleni sifungui mdomo kwa Kiingereza wala Kiswahili!

Leo alikuwa anausoma ukurasa huo kwa sauti dukani kwake. Akafika pale, akasimama.

"Huu si wangu, bibi mdogo. Nani huyu?"

Nikasema ni mimi, macho chini. Nilijua ataufuta.

"Mizani imekaa," akasema. "Weka jina lako hapo, watu wasiseme nimemwibia mke wangu."

Nimeliweka. Kwa herufi ndogo sana, lakini lipo.