Mizunguko Minane Kila Upande

Kwako Mama Amoit,

Nimefanya kosa ambalo lingekufanya unicheke wiki nzima. Juzi alikuja mtu wa Kocholia akitaka vyuma vya kuinulia pikapu yake, akafungiwe na fundi wa kwao. Nikatazama namba ya gari, nikaona herufi ni za karibuni, nikampa vile vya duara vinavyokaa juu ya koili, ile springi ya mbele. Leo amerudi navyo kwenye mfuko. "Mzee, hii kitu inaingia wapi? Fundi ametafuta koili mpaka amechoka." Nilicheka. Kisha nikageuka nikuambie, nikakuta kiti chako kitupu, leso yako ingali juu yake.

Miaka yote uliyokaa kwenye duka letu la spea hapa Malaba, hukuuza hata nati kabla ya kuuliza mwaka. Watu walikujibu kwa namba ya gari, nawe ukawakatiza: "Boss, namba ni ya serikali, mwaka ni ya kiwanda. Inama uangalie huko mbele chini." Unamkumbuka yule mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria? Ulimwinamisha na suruali yake nyeupe. Mtu akiona koili imezunguka shoki, gari ni la miaka ya karibuni. Akiona fito mbili za chuma zimelala kuelekea nyuma, ni la zamani, hata kama kwa nje yanafanana kama mapacha. La koili haliinuliwi mpaka ufungue kila kitu upachike chuma. La fito unakaza bolti mbili tu linapanda, na ukizilegeza linashuka. Fundi nilikuwa mimi, lakini kichwa kilikuwa chako. Sikuwahi kukwambia hivyo mbele ya watu, na ninajuta.

Letu ni la fito. Nimeinua magari ya nusu ya Malaba, na letu ndilo lilikuwa chini kuliko yote. Wenzangu walinitania kwamba linafagia barabara. Hawakujua habari za goti lako. Wala hawakuwapo Jumapili ile nilipoamka mapema nikaliinua, mizunguko minane kila upande, nikakuita uje uone. Ukatoka na gauni la kanisani, ukashika mlango, ukainua mguu, ukashindwa. Ukajaribu tena. "Sasa hii gari umenunulia bibi gani?" Tukacheka wote wawili, lakini niliona ulivyogeuza uso. Chai haijapoa nikawa chini ya gari, nalegeza. Tulifika kanisani wimbo wa pili, mimi na grisi kwenye kola.

Tangu tukulaze kule nyumbani Moding sijazigusa bolti zile. Mvua za mwaka huu zimeila barabara vibaya. Mara mbili nimepakia saruji ya kujengea kaburi lako, na mara mbili tumbo la gari limekalia matope kabla sijafika, nikavutwa na trekta la watu huku wanafunzi wakishangilia. Amoit wetu akipiga simu kutoka Nakuru hana neno lingine. "Baba, si uinue tu hiyo gari. Ama uiuze ununue ya koili." Nikamfokea, maskini mtoto wa watu. Hakukosea. Yeye anaona gari, mimi naona kwamba siku nitakayoliinua nitakuwa nimekubali kuwa hakuna tena wa kupanda upande ule. Nina upweke, Mama Amoit. Bado nasonga ugali wa watu wawili, na wa pili wanaumaliza kuku.

Leo, yule wa Kocholia alipoondoka na fedha yake, niliingia chini ya gari. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, nikazigonga, nikazimwagia mafuta, nikazibembeleza kama nilivyokuwa nakubembeleza wewe ukinuna. Mizunguko minane kulia, minane kushoto. Nilipotoka nikazunguka, nikafungua mlango wako bila kufikiri, nikasimama nimeushika. Kisha nikaufunga.

Kesho nakuja na saruji, na mara hii nitafika.

Fundi jirani alipita akanishauri, "Mzee, chomelea hizo bolti, zisikuje kulegea njiani." Nikamwambia ashike kazi yake. Ubaya wa haya magari ya zamani ni mwingi, lakini wema wao ni huo mmoja, kwamba yaliyopandishwa yanaweza kushushwa. Nimezipaka grisi tele, juu mpaka chini. Najua hutarudi. Lakini kama ungerudi, isiwe ni kutu iliyokuzuia kupanda.

Ni mimi, dereva wako,
Baba Amoit