Babu Aligonga Kifaru Changu

Jumamosi, jioni. Mawingu yameukalia Mlima Kwaraa tangu asubuhi, na mvua inatutania tu. Vidole vyangu vinanuka rangi ya kijani. Nimevisugua kwa mafuta ya taa, nimeviosha kwa sabuni, bado.

Leo Babu alikuja kukiona kifaru.

Nasema kukiona, ingawa Babu haoni tena. Siku hizi anatofautisha mwanga na giza, basi. Hilo tumelizoea. Kinachonitisha ni kingine: majina yanamponyoka. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la marehemu Bibi, akaniuliza kama ndama wameshafungwa. Hatujafuga ndama tangu nikiwa shule ya msingi. Ndiyo maana nina haraka. Aliendesha kifaru kwenye vita vya Kagera, akiwa kijana aliyetoka milima ya Mbulu. Nataka akikalie tena kiti cha dereva angali anajua mimi ni nani.

Tunakijenga kwenye karakana ya Baba, hapa Nangara, mimi na Petro, fundi wa kuchomelea. Chini ni tela la trekta lililokufa, ubavu ni mabati ya mapipa ya lami, mtutu ni bomba la maji. Minyororo tumeikata kwenye matairi chakavu. Bodaboda wanasimama kushangaa. Petro huniuliza kila mara, "Mwalimu, tukimaliza tunaanza kuvamia wapi, Singida au Kondoa?"

Mwalimu wa fizikia, msichana, na kifaru cha vita. Wakiniuliza kwa nini, huwa nacheka tu. Jibu liko Mutuka.

Shambani kwetu Mutuka kulikuwa na tembe, ile nyumba ya udongo ya kuchimbiwa kwenye mteremko. Kwa nyuma paa lake lilikuwa sawa na ardhi, mbuzi wakipita juu bila kujua wako juu ya nyumba. Babu aliijenga aliporudi kutoka vitani, wenzake wakiezeka bati. Nilipokuwa mdogo ilibaki ya kuwekea mahindi, na kwetu sisi wawili ilikuwa kifaru. Mimi nilikaa ndani juu ya gunia, kwenye giza na harufu ya moshi wa zamani. Babu alisema ndani ya kifaru kulikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana vijana wa mjini walitapika, yeye aliyekulia kwenye tembe akasinzia.

Kisha aligonga. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole, kwenye nguzo ya mlango. Nami nilitakiwa kujibu kwa kugonga mara moja kabla hajaingia.

"Nisipogonga nitakukanyaga kichwani," alisema. "Na wewe usipojibu, nitajuaje kama uko hai?"

Nilicheka sana. Nilipokuwa mkubwa ndipo Bibi aliniambia, tukichambua mboga, kwamba kuna asubuhi moja kule vitani Babu aligonga na mwenzake hakujibu.

Nilijua haya yote.

Na bado, Alhamisi, mvua ilipoingia ndani ya kifaru, na watoto wa jirani wakiwa wameshaanza kujifungia humo, nikamwambia Petro auchomelee kabisa mfuniko wa tundu la kuingilia dereva. Tutaufungua tukipata bawaba nzuri, nilisema. Petro akaniambia hilo ni wazo la busara.

Leo mchana Babu alishuka kwenye bajaji, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Liko wapi hilo gari lako?"

Nilimwongoza. Akaupima mtutu kwa viganja, akaupapasa mnyororo, akasita.

"Hii si tairi? Kumbe jeshi limefilisika!"

Petro alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. Mikono ya Babu ikaendelea kupanda, na nikaona mabega yake yanabadilika. Alikuwa anajikunja, kama mtu anayejiandaa kupita mlango mfupi. Mkono ukafika kwenye mfuniko bila kuutafuta.

Akagonga mara mbili.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake na brashi mkononi. Hakuna aliyekuwa ndani. Hakuna ambaye angeweza kuingia. Babu aliinamisha sikio akasubiri, akasubiri, hadi kicheko cha Petro kikamwishia mdomoni.

"Hakuna mtu," Babu akasema. Akaomba arudishwe nyumbani.

Kwenye bajaji alinishika mkono njia nzima. Sijui alidhani ameshika wa nani.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Miezi yote hii nimehangaikia urefu wa mtutu. Ubavu nimeupaka upya kwa sababu kijani ya kwanza haikufanana na ya kwenye picha za vifaru vya vita. Rangi, kwa mtu asiyeona! Pengine nilikuwa namjengea yule mtoto wa kwenye gunia.

Nimempigia Petro. Amenung'unika kwamba kesho ni Jumapili, kisha akasema atakuja na grenda baada ya misa. Tutaukata mfuniko. Kile kiti nilichokishona nitakitoa, nitaweka gunia. Petro ndiye atakayemwongoza Babu hadi ubavuni, kwa sababu mimi sitakuwa nje.

Sijui kama Babu atakubali kuja. Sijui kama atagonga tena.

Akigonga, atajibiwa.