Gari Tuliloliita Mkwe

Ifakara, Juni 1994

Kaka Lukelo,

Shikamoo. Huku mpunga umekubali, na Edna wangu kapata kipaimara.

Unalikumbuka lile gari refu la kabla ya vita, lenye taa kubwa kama masufuria, alilokuwa akiliendesha baba enzi za Mgiriki wa pamba? Tuliliita Mkwe, maana wanaume wote walilipisha njia kama wanavyompisha mama mkwe. Wiki iliyopita mwenye shamba wa sasa kaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Likapita hapa vipandevipande kwenye tela la trekta. Baba akavua kofia, akashuka kwenye majaruba, akageuza uso.

Tangu siku hiyo haongei. Kila asubuhi namwamkia, wala haitikii marahaba. Njoo, kaka, umwamkie wewe.

Mdogo wako,
Restituta