Marahaba ya Mama

Jumapili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi, mtaa wetu wa Mkuyuni wote ni matope, na mimi nimechoka uchovu ambao hautibiwi kwa kulala. Nimetoka Usagara kumwona mama. Viatu bado viko mlangoni, sijaviosha.

Nianze mwanzo, kwa anayesoma bila kunijua. Mama yangu ni Msukuma wa Misungwi, na Kiswahili chake hakina r. Hakijawahi kuwa nayo. Barabara ni balabala, habari ni habali, na sisi wanawe tumekua tukisikia hivyo bila kuona ajabu. Mdogo wangu Neema ana ukurasa wa mapishi mtandaoni. Miezi michache iliyopita alimrekodi mama akikaanga sato. Neema akataka kumgeuza samaki mapema, mama akamshika mkono na kumwambia, "Subili, usihalakishe."

Basi. Maneno mawili.

Kufika wiki iliyofuata sauti ya mama ilikuwa kila mahali. Watu waliibandika kwenye video za mbuzi, za maharusi, za bodaboda waliokwama kwenye tope. Wafuasi wakamiminika, Neema akawa haishi kumshukuru Mungu. Mama naye alicheka siku za mwanzo, simsingizii. Kisha vijana wa stendi wakaanza kumwita Subili. Akienda sokoni, Subili. Akitoka kanisani na Biblia yake kwapani, Subili.

Akaacha kutuma sauti kwenye kundi la familia. Siku hizi anaandika, tena anaandika sahihi, kila r mahali pake, na sijui inamchukua muda gani. Halafu nikagundua jambo jingine. Tukiongea kwa simu hasemi kabisa subiri, anasema ngoja. Hasemi barabara, anasema njia. Mama yangu, kwa umri ule, anachambua maneno kama anayetoa mawe kwenye mchele.

Na nikimwamkia shikamoo, haitikii marahaba. Anasema tu, "Ee mwanangu, umeamkaje?"

Mara ya kwanza nilifikiri nimemkosea. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue kuna jambo. Nilikaa siku nzima nikijiuliza nimefanya nini. Nilipoelewa ni ile r, afadhali angekuwa amenikasirikia.

Nilimwomba Neema afute ile video. Akaifuta bila ubishi, ila maji yalishamwagika, nakala ziko kwa watu tusiowajua. Alichosema ndicho kinanikera hadi leo: kwamba watu hawamcheki mama, wanampenda. Labda ni kweli. Kazini kwetu kuna kaka mmoja mpole sana, humwamkia kwa kuinama hata mama anayefagia ofisi. Juzi nimekuta sauti ya mama kwenye stetasi yake, na chini ameweka vikaragosi vinavyocheka hadi machozi. Hajui kuwa yule ni mama yangu, nami sikumwambia. Angekutana na mama njiani angempokea mzigo na kumfikisha mlangoni.

Hapo ndipo ninapochoka. Watu wabaya ningewachukia nikapumzika. Hawa ni watu wema, nawajua, nakula nao mchana, na wakishika simu wanakuwa watu wengine kabisa.

Na mimi je? Si ndiyo haya naandika mtandaoni? Najitetea kwamba maandishi hayana sauti ya kubandika kwenye mbuzi. Sina uhakika kama utetezi huo unatosha.

Leo nimemkuta jikoni anachambua dagaa. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo mama. Akanitazama, akautazama mkoba wangu.

"Simu yako iko wapi?"

Nilidhani anataka kumpigia mtu. Nikaitoa nikampa, akakataa kuishika.

"Izime kwanza."

Nikaizima, nikamwonyesha kioo kikiwa cheusi. Nilitamani ardhi inimeze. Mama ananiogopa, mimi niliyemtoka tumboni. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akachungulia mlangoni kama kuna mtu, ndipo akasema kwa sauti ndogo:

"Malahaba, mwanangu."

Nikalia. Hakunibembeleza wala hakuuliza kisa, alinisogezea ungo tu nimsaidie dagaa. Tulichambua hadi mvua ilipoanza, na hapo katikati alisema habali na balabala mara nyingi tu, mpaka nikasahau kilichonileta.

Kesho asubuhi nitampigia kama kawaida, nitamwamkia. Kwa simu najua bado hataitikia.

Nitasubili.