Leo Tumemfuta Ng'ombe Ukutani

Jumamosi. Upepo wa Usangu umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya chai. Nimenawa mikono, nimenawa tena, na chokaa bado ipo kwenye kucha. Siumwi. Sijachoka hata. Ila nikikaa kimya naona ukuta mweupe, kwa hiyo bora niandike.

Leo tumemfuta ng'ombe.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wanajua kazi yangu. Nafundisha sanaa shule ya msingi, nje kidogo ya Igawa. Mimi ni Mhehe wa Iringa niliyeletwa na ajira kwenye tambarare ambako karibu kila mtu ametoka mahali. Darasani kwangu wamo Wasangu, ambao ndio wenyeji. Wamo Wanyakyusa na Wabena waliofuata mpunga, na Wasukuma ambao babu zao walishuka na mifugo kutoka kaskazini. Kipindi changu huanza kwa salamu, kila siku lugha moja. Kamwene. Mwangaluka. Watoto wanakosea, wanachekana, halafu tunachora.

Nilikuwa naamini hilo linatosha.

Mwaka jana mwalimu mkuu alinipa ukuta unaotazama barabara nifanye ninavyotaka. Nikawaambia watoto wa darasa la sita: usichore cha kwenu, chora cha jirani yako. Nenda kwao, kaa, angalia, ndipo urudi na brashi. Mzazi mmoja aliniuliza kama hayo yapo kwenye mtihani.

Upendo, binti wa mkulima wa mpunga, alikwenda kwa kina Kabula, Wasukuma, boma lao likiwa ng'ambo ya mfereji. Nyumbani hakusema, maana baba yake hakupenda avuke mfereji ule. Akarudi na dume jekundu lenye nundu, pembe ndefu, kichwa kimegeuka kama ameitwa jina. Rangi tuliichanganya wenyewe, udongo mwekundu na gundi. Kabula naye alikaa kando ya shamba la kina Upendo, kwa mbali, akarudi na mpunga ulioinama na mtu anayepalilia, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu. Sikuandika majina chini ya picha. Nilitaka uwe ukuta wa wote.

Mwezi wa nne ng'ombe waliingia kwenye shamba la baba yake Upendo, mpunga ukikaribia kuvunwa. Alikwenda kuwafukuza. Vijana waliokuwa wakichunga walimpiga fimbo ya kichwa. Alifia njiani, akipelekwa hospitali Mbeya.

Vijana wale walikimbia na hawajapatikana. Hawakuwa wa boma la kina Kabula. Hilo lilijulikana tangu siku ya kwanza, na halikumsaidia mtu. Baada ya mazishi zizi la jirani wa kina Kabula lilichomwa moto. Baba yake Kabula hakungoja lake. Alikusanya watoto na mifugo wakaelekea upande wa Chunya. Kabula hakuja kuaga. Nani angemruhusu?

Wiki hii mama Upendo alikuja shuleni, bado amefunga kitambaa cheusi kichwani. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini nikienda sokoni napita hapa, nikirudi napita hapa. Yule ng'ombe ananiangalia. Naomba mumtoe."

Nilitaka kumwambia kwamba aliyemchora ni mwanawe. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Upendo alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikanyamaza. Mwalimu mkuu, aliyekuwa kando yangu, akamwambia mama wa watu kwamba itafanyika.

Alipoondoka nilimfuata mwalimu mkuu ofisini. Nikasema tuite wazazi, tuzungumze, tukifuta tutakuwa tumewaambia watoto wa Kisukuma waliobaki kwamba na wao wafungashe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mzima, Mnyakyusa, si mtu wa hasira.

"Huyu mama amezika mume juzi," alisema. "Nenda wewe ukamweleze habari ya sanaa."

Nikaenda kuomba chokaa stoo. 

Nilichagua Jumamosi ili watoto wasione. Nilipofika na ndoo ya chokaa nikamkuta Upendo amekaa juu ya jiwe, ananingoja. Nilimwambia arudi nyumbani. Hakusogea.

"Nilimchora mimi, Madam. Nipe brashi."

Nilikataa. Akaendelea kusimama, mkono ameunyoosha, macho makavu. Ningeweza kumfukuza, mimi ni mwalimu wake. Nikampa.

Alianza na kwato, akapanda taratibu. Mpako wa kwanza wa chokaa haukuziba. Udongo ulipenya, ng'ombe akawa wa rangi ya nyama mbichi, mbaya kuliko alivyokuwa. Akarudia. Kichwani hakufikia, nikamletea stuli, nikaishika isiyumbe. Basi nami nimo, siwezi kusema nilitazama tu.

Alipofika kwenye jicho alisimama. Akaniomba nisimwambie mama yake, siku yoyote ile.

"Atafikiri nilimpenda ng'ombe kuliko baba."

Nimesoma chuo, nimehudhuria semina za malezi, na hakuna aliyewahi kunifundisha neno la kumjibu mtoto aliyesema hivyo. Nilimwambia baba yake alijua kwamba anampenda.  Akalifunika jicho.

Tulikuwa tunaosha brashi mama yake alipotokea barabarani na kikapu chake. Aliona ukuta, kisha akamwona mwanawe ametapakaa chokaa mpaka viwikoni. Alielewa alivyoelewa. Alimkumbatia, akalia, akasema baba yako anakuona. Upendo alisimama ndani ya mikono ile kama mti.

Kisha mama akasogea ukutani, kwenye mpunga ambao hakuna aliyeomba ufutwe.  Akaweka kiganja juu ya yule mtu anayepalilia.

"Huyu ni baba Upendo," alisema. "Anavyoinama ni yeye kabisa. Mwalimu, nani alimchora?"

Upendo alinitazama. Safari hii hakutikisa kichwa. Alisubiri tu.

Nikamwambia, "Kabula."

Mama Upendo hakuondoa mkono. Nilidhani ataondoa. Nilidhani atatema mate, au ataomba na hilo lifutwe, na ndoo ilikuwa bado na chokaa. Alikaa vile, upepo unampeperushia kanga, kisha akainua kikapu na kumwambia mwanawe waende, jua limekuwa kali. Hakuniaga.

Sijui nimefanya nini. Labda nimemnyima mjane kitu pekee kilichombakia cha mumewe. Labda Jumatatu nitaukuta ukuta mzima mweupe. Nimejaribu kujilaumu na nimejaribu kujisifu, na vyote viwili vimekataa kukaa.

Likizo ikifika nitapanda kwenda Chunya. Nitauliza boma kwa boma mpaka nimpate Kabula, maana habari ya kufutwa kwa ng'ombe wa ukutani haifai aisikie kwa wapita njia. Ataniuliza ni nani aliyeshika brashi.

Nitamwambia nini?