Nimesema Ulikubali

Mama Hamdi,

Salaam aleikum huko uliko, ingawa najua salamu hii nitaijibu mwenyewe. Miaka yote tuliyokaa pamoja sikuwahi kukuandikia barua. Ya nini? Nikiwa na jambo nilianza kufoka nikiwa bado getini, wewe unanijibu ukiwa jikoni, na jirani anapata habari zote bila kuinuka kitini. Leo niko Rapsu. Vijana wanapakia vitunguu kwenye lori langu la kanta, nami nimekaa kwenye kivuli cha gari na kalamu ya kuazima. Nilijaribu kukuambia haya makaburini, lakini kila nikianza anatokea mtu amekuja kumwombea wake, naishia kusoma dua na kuondoka. Kwa hiyo naandika.

Mama yako hajambo, isipokuwa magoti. Mahali pako sokoni amekaa mdogo wako, na wateja wananinong'oneza kwamba maziwa yake ya ngamia hayana ule moshi wako, eti hafukizi mitungi vizuri. Sijamwambia. Ungemwambia wewe, na angelia, na kesho yake angefukiza vizuri.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Hamdi yuko Nanyuki, kwenye ile klabu ya mpira. Yuko huko tangu muhula huu wa pili uanze. Na watu wote, kuanzia mama yako mpaka mwalimu wake wa michezo, wanaamini kwamba wewe ulikubali kabla hujafa. Wanaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Unakumbuka tulivyobishana. Mwaka mzima, Halima. Tangu siku Kocha Njeri wa klabu hiyo alipokuja kutazama mechi za shule, akamwona mtoto wetu golini na hijabu yake na zile glavu kubwa kama za kutolea mkate kwenye tanuri, akaja kutuambia kwamba anamtaka. Mimi nilikubali kabla hajamaliza chai. Nilikuambia, shuleni mpira ni majuma machache ya muhula mmoja, kisha mipira inafungiwa stoo pamoja na majembe. Uwanja wenyewe ni mawe na miiba. Mtoto akiruka kudaka, anarudi nyumbani kiuno kimechubuka. Mwalimu Akiru ni mtu mzuri, lakini ni mwalimu wa jiografia aliyepewa filimbi. Huko Nanyuki kuna nyasi, kuna mazoezi kila siku, kuna kocha wa makipa peke yao. Nilisema, mwenye kipaji anapelekwa kwa wanaokijua.

Nawe ulisema hapana. Nilidhani utaanza na habari za mtoto wa kike kulala ugenini, na nilikuwa nimejipanga kwa hilo. Nilikuwa nimeshauliza kuhusu chakula, nimeshauliza kuhusu swala, nimeshaambiwa kuna wasichana wengine wa Kiislamu. Hukugusa huko hata kidogo. Ulisema, "Baba Hamdi, timu ya shule ikikosa kipa inalia. Klabu ikikosa kipa inapiga simu." Ukaendelea kukoroga chai. Nikapandisha sauti, unanijua.

Ulisema pia kwamba ile timu ya shule ndiyo mahali pekee Isiolo hii ambapo Mborana, Mturkana, Mmeru na Msomali wanagombana juu ya kona na penalti, basi, wakimaliza wanakunywa kutoka mtungi mmoja. Mtungi wenyewe ulikuwa wako. Wasichana wa Kimeru walikunja pua siku ya kwanza, wakasema maziwa yananuka jiko, na kufika fainali za kaunti walikuwa wakipigania mabaki. Klabu, ulisema, inamtaka mtoto mikono tu, na inamkataza kuchezea shule yoyote asije akaumia. "Akivunjika hiyo mikono watamrudisha na basi la asubuhi." Nilikuambia unamwombea mtoto mabaya. Samahani kwa hilo. Nilijua huombi mabaya.

Kisha koo lako likaanza kuuma, tukadhani ni homa, na ubishi wetu ukahamia hospitali pamoja nasi. Nisingependa kuandika juu ya siku zile. Lakini lazima niandike ile siku moja, kwa sababu ndiyo ninayoitoroka. Wewe uliyekuwa ukisimama nyuma ya goli la shule ukimpangia Hamdi mabeki mpaka refa akuombe unyamaze, sauti yako ilikuwa imebaki kidogo kama ya redio iliyoishiwa betri. Ilibidi niinamishe sikio mdomoni kwako. Nilidhani unataka maji. Ukasema, "Huyu mtoto atanipoteza mimi mwaka huu. Usimpotezee na wenzake pia."

Nilikujibu, "Sawa." Nilisema sawa, Halima. Nilisema kama mtu anavyomwambia mgonjwa.

Ulipoondoka, Kocha Njeri alikuja kutupa pole, na hakusema neno juu ya mpira, lazima nimpe haki yake. Alipiga simu baadaye, shule zilipokaribia kufunguliwa, kwa adabu kabisa, akasema nafasi bado ipo ila haiwezi kungoja sana. Hamdi alikuwa jikoni anapika mikate ya anjera. Nilipokata simu akauliza bila kunitazama, "Aabo, hooyo alisema nini mwisho kuhusu hiyo timu?"

Nikamwambia, "Mama yako alikubali. Alisema uende."

Neno lilitoka laini kabisa. Unajua ninavyomwambia polisi wa barabarani kwamba breki zimetengenezwa juzi? Hivyo hivyo. Mtoto akabandua anjera yake kikaangoni, kisha akasema, "Sawa." Ile sawa yangu, kutoka kinywani mwake.

Uongo huu haukukaa jikoni. Hamdi alipokwenda kuaga shuleni, aliaga kwa jina lako. Kocha aliambiwa mama alibariki. Na mimi nilikwenda kwa mama yako mwenyewe, nikakaa mbele yake, nikamwambia Halima aliridhia. Nilidhani atafurahi. Alisugua magoti, kisha akasema, "Halima wangu hajawahi kuacha neno lake hivyo. Basi ugonjwa ulikuwa umemmaliza kweli." Akaanza kulia. Nilikaa pale nikimtazama akilia juu ya jambo ambalo halikutokea. Nilikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Labda ningeendelea hivyo hivyo, nakuambia ukweli. Mtu huzoea. Lakini majuzi nilikuwa natoka Ngaremara, nikapita karibu na shule nikasikia kelele za mechi. Gari likasimama lenyewe, nitasema hivyo. Golini alikuwa Kawira, yule winga wa mbio uliyekuwa ukisema akikimbia hata mbuzi wanampisha. Amevaa glavu kuukuu za Hamdi. Mtoto hajui kudaka, Halima. Anaukimbilia mpira kama anayemkimbiza kuku, na mpira unampita. Walifungwa hadi nikaacha kutazama goli, nikawa natazama miiba ya ua, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akienda kuokota mpira kila mara. Hakuna aliyemfokea. Beki mmoja alikwenda kumfunga kamba za glavu upya, basi.

Mechi ilipoisha Mwalimu Akiru akaja kunisalimia. Nilikuwa tayari kwa lawama, na ningezijibu, maana lawama nazijua. Akasema, "Baba Hamdi, karibu. Habari ya msichana wetu? Tulisikia mama alikubali kabla aende. Wasichana walilia, lakini nikawaambia hayo ni maneno ya marehemu, tuyaheshimu."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Wangekuwa na haki ya kunibishia mimi. Wangekuja nyumbani, Mwalimu na wale wasichana, wangenikalia sebuleni mpaka nione aibu, kama ulivyokuwa ukinifanya wewe. Lakini nilisimama nyuma yako, na nani atakuja kubishana na mtu aliye kaburini? Nilikuchukua wewe uliyekuwa wakili wao nikakufanya wakili wangu.

Nilipata mzigo wa Nanyuki, nikapita klabuni. Nitakusimulia nilichokiona bila kuchakachua, maana huenda ndilo jambo pekee la haki ninaloweza kukufanyia. Uwanja ni kijani. Kuna mzee mmoja kazi yake ni kuwafundisha makipa kuanguka. Kuanguka tu. Hamdi aliruka akadaka, akateremka ubavuni taratibu kama mtu anayelala, akainuka bila vumbi. Nilijisikia fahari mpaka nikajichukia. Na pia nikaona kwamba mechi ilipoanza alikaa benchi, yeye kipa wa tatu, nyuma ya wasichana wawili wakubwa kumzidi, na hakuna aliyemgeukia kumsemesha kitu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na wewe ulikuwa sahihi.

Baada ya mechi tulikaa kwenye kanta, mimi na yeye. Nikamwambia. Nilisema, "Hamdi, hooyo hakukubali. Nilikudanganya. Alisema usitolewe kwa wenzako." Nilisema nikitazama usukani.

Akasema, "Najua, Aabo."

Nikamgeukia.

"Aliniambia pia. Siku ile ulienda kununua dawa. Aliniambia nibaki kwa Mwalimu, nikamwahidi."

Nikamuuliza, basi kwa nini ulinyamaza nilipokudanganya? Alivuta pindo la hijabu yake, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, unamkumbuka. Akasema, "Nilitaka kutoka pale. Kwa hilo goli la shule, kila saa nilikuwa nageuka nyuma kumtafuta. Hata tukiwa mazoezi. Hapa hakuna mahali alisimama."

Halima, mwaka mzima tulipima. Nyasi na mawe, kocha na mwalimu, benchi na wenzake. Hakuna kati yetu aliyepima hilo. Wewe hungeweza, ulikuwa bado umesimama pale.

Nilimuuliza kama anataka kurudi. Nilikuwa tayari kumrudisha siku ile ile, juu ya mzigo kama ingebidi. Alisema hapana, si sasa. Alisema anajua Kawira anateseka golini, kwamba wanaongea kwa simu, na Kawira anamcheka ili asilie. Akasema, "Mimi ndio nilitaka kuja. Usiseme tena ni hooyo." Akasema wakiendelea kumkataza kuchezea shule, mwisho wa mwaka ataamua mwenyewe, na siku hiyo asisikie mtu akisema marehemu alipenda hivi au vile. Kisha akalia, nami nikalia, na yule mzee wa kuanguka akapita akafanya kama hatuoni.

Sikuandikii ili unisamehe. Ningekuwa nakutilia tena maneno mdomoni. Sijui kama unanisamehe, na sitamwambia mtu yeyote kwamba unanisamehe. Najua tu kwamba nilikuitikia sawa kitandani na sikuwa na nia, na kwamba nilishinda ubishi wetu kwa sababu uliacha kujibu. Huo si ushindi wa mwanamume. Usiku hata chai yako sijui kuikoroga, nakunywa sukari imekaa chini.

Nakuaga hapa, vijana wamemaliza kupakia na dereva anayeandika hapakii wala haendeshi. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Ninachokuahidi ni hiki. Ijumaa, baada ya swala, nitapita kwanza shuleni kwa Mwalimu Akiru na wasichana wake, nitawaambia ni mimi, na wakitaka kunikalia sebuleni mlango uko wazi. Kisha nitakwenda kwa mama yako. Nitakaa palepale nilipokaa, na safari hii sitagusa chai. Nitamwambia ugonjwa ulikula koo lako na mwili wako wote, lakini binti yake haukummaliza. Nitamwambia ulikataa.

Baba Hamdi