Mizunguko Miwili ya Bolti ya Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo. Mama hajambo, ila mgongo wake ni ule ule. Gari lako limeegeshwa hapa nje ya gereji, uso umeelekea milimani kama ulivyopenda. Hilo gari ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulivyolinyanyua? Ulikuwa umechoka kupasuliwa sampu ya oili na mawe ya njia ya kwetu Myamba kila ukienda kuchukua watu na magunia yao ya tangawizi. Nyuma tukaweka springi na shokapu ndefu. Mbele tukakaza zile bolti mbili za chini, kila upande na yake, ambazo ukizizungusha gari linapanda au linashuka. Likasimama refu, ukalizunguka mara tatu mikono ikiwa kiunoni. Majirani wakauliza kama Mama atanunuliwa ngazi, ukasema atabebwa. Kisha ukaliendesha hadi barabara kuu, ukarudi umelowa jasho, maana usukani ulikuwa haurudi katikati, na kila shimo lilijiamulia lenyewe gari liende wapi. Nilicheka mpaka ukaninunia.

Mafundi wengine hupima gari likiwa tupu. Wewe ulitoka barabarani kuita watu. Ukamleta mama wa mgahawa na wateja wake wawili, na yule mzee wa Kimaasai aliyekuwa anapita kununua dawa ya ng'ombe. Ukawapanga kwenye viti, wewe na tumbo lako mkakaa kwenye usukani, na mimi nikalala chini na rula na uzi wa katani, tuliouvuta ubavuni mwa magurudumu kuona kama ya mbele yanatazama sawa.

"Gari hili halipandi mlima tupu, Nakundwa," ulisema. "Sasa nilipime tupu kwa nini?"

Tuligeuza tai rodi, vile vyuma vinavyoelekeza magurudumu, kidogo kidogo, nikawa nasoma rula na wewe unapiga miluzi. Yule mzee aliuliza mara mbili tunaondoka saa ngapi. Siku hiyo ndiyo niliyoamua kuwa fundi, Baba, na sikuwahi kukuambia. Naumia kwamba sikukuambia.

Sasa sikia yaliyotokea. Mama anataka kwenda Myamba kuona kaburi lako likisakafiwa, na amesema atapanda kwa gari lako, dereva niwe mimi. Nikalitoa kulijaribu. Likavuta kushoto. Unajua mwenyewe kushoto kwa ile njia kuna korongo la namna gani. Baba Mdogo, ambaye kwa mambo ya kuuza hajawahi kuchelewa, akaniambia, "Liuze tu, mwanangu. Shemeji tutamkodia gari lenye akili."

Nilikasirika, nawe unajua hasira zangu. Siku tatu nililala chini ya gari. Nikakagua bushi zote, nikabadilisha matairi kulia na kushoto, nikavuta uzi mpaka ukakatika. Hakuna kilichokuwa kibovu. Jambo moja tu lilinishangaza: bolti ya kulia umeikaza mizunguko miwili zaidi ya ile ya kushoto, na ukaiwekea alama ya rangi nyeupe. Nilitaka kuzisawazisha, nikaogopa. Mtu haweki alama kwenye kosa lake.

Mama akaja na chai, akauliza nahangaika na nini. Nikamweleza upande wa kulia ulivyoinuka. Akakitazama kiti cha dereva kwa muda.

"Huko si ndiko alikokuwa anakaa baba yako?" akasema. "Na unavyomjua alivyokuwa."

Niliweka kikombe chini nikalia, Baba, mbele ya wateja. Ulilikaza upande ule kwa ajili ya uzito wako, ili ukishakaa wewe gari liwe sawa. Nikikaa mimi na wembamba wangu huu uliousema maisha yako yote, kulia kunabaki juu, na gari linakimbilia kushoto. Lilikuwa zima. Lilikuwa bado linakusubiri wewe.

Nikajaza mchanga kwenye gunia nikaliweka nyuma ya kiti chako. Gari likanyooka. Nikafurahi, nikasema basi, litabaki hivyo hivyo, na gunia litakuwa linasafiri nasi popote. Mama akatikisa kichwa.

"Huo ni mchanga, Nakundwa, si baba yako. Utaubeba mpaka lini?"

Nikalishusha lile gunia. Kisha nikachukua spana. Baba Mdogo mwenyewe ndiye aliyetoka barabarani kuita watu wa kukaa kwenye viti. Mama akapanda mbele, akabebwa kama ulivyoahidi. Nikailegeza ile bolti nusu mzunguko, nikapanda kwenye usukani, Baba Mdogo akasoma rula, nikashuka, nikailegeza tena. Kila nikipanda kiti kilikuwa kikubwa kwangu. Mizunguko ilipotimia miwili nilikwenda hadi barabara kuu na kurudi, na gari halikuvuta popote.

Nisamehe, Baba. Nimekutoa kwenye gari lako kwa mkono wangu mwenyewe. Alama yako nyeupe sijaifuta, nimeweka yangu pembeni yake. Mchanga nimeuacha kwenye gunia, utatumika kusakafia kaburi lako.

Kesho asubuhi nampandisha Mama. Kwenye kona nitashika usukani kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha. Ila tukifika pale njia inaponyooka kabla ya nyumbani, nitauachia kidogo, uone unavyokaa katikati.

Pumzika, Baba. Kiti nimekikalia.

Mimi bintiyo, dereva wako